"Injini ni Injini Tu": Uzoefu Wangu na Safari ya Gari Moshi Iliyogeuka Matatu

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya matatu, kwa sababu ilikuwa safi na dereva wake alikuwa mstaarabu. Naam, umesoma sawasawa. Nililipia gari moshi, nikaletewa matatu.

Waandaaji wa safari siwataji jina; sina nguvu za kuandikiana na mawakili. Tangazo lao bado ninalo kwenye simu. Linaahidi siku nzima ya reli ya urithi, kupanda behewa la zamani, kuonana ana kwa ana na injini kubwa za mvuke za Afrika Mashariki, na mtu wa kutueleza kila kitu. Shilingi 4,500 mtu mzima, mtoto nusu. Nikalipia wawili, mimi na mpwa wangu wa miaka tisa. Mtoto huyu ana ugonjwa wa reli, na kusema kweli mimi ndiye niliyemwambukiza, tena kwa makusudi.

Ilikuwa Jumamosi moja, mvua za vuli zinanusanusa. Saa mbili kasorobo tuko stesheni ya Nairobi, mpwa wangu na kofia yake, mimi na thamosi ya chai ya tangawizi, maana kwetu hakuna aliyepanda treni bila thamosi. Akaja kijana mwenye filimbi shingoni. Huyo ndiye mwongozaji wetu. Wenzangu walikuwa wanamwita "tua gaidi", nami nikachekea moyoni kwa jinsi neno hilo linavyosikika kwa Kiswahili. Baadaye sikucheka tena. Akatangaza kwamba behewa limepata hitilafu kidogo, kwa hiyo tutatumia gari.

Nikamwuliza hitilafu gani. Ni bogi? Ni breki za vakyumu? Dirisha limevunjika? Akasema, "Hitilafu tu." Hilo neno "tu" lilishajitokeza mapema, sikulitilia maanani. Sasa hivi ninavyoandika naamini hapakuwa na behewa lolote tangu mwanzo.

Bado ningesamehe. Nimekulia landhi ya Voi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, baba akiwa mtu wa pointi, yule anayevuta wenzo kuhamishia treni njia nyingine. Treni kuharibika si habari kwangu. Lakini sikiliza: kutoka stesheni mpaka Makumbusho ya Reli watu hutembea kwa miguu. Hata mwenye goti bovu kama langu anafika chai ikiwa bado ya moto. Sisi tulipakiwa, tukatolewa barabarani, tukaingizwa kwenye foleni ya Haile Selassie, tukakaa humo dakika 40, halafu tukarudishwa karibu pale pale tulipotoka. Mpwa wangu akachungulia dirishani, akaona mapaa ya mabehewa. "Mjomba, si ni pale?" Ni pale, nikamwambia. Kaa.

Haya, tumefika. Na hapa niishike hasira kidogo, kwa sababu injini ya mvuke Mount Gelai, namba 5918, haistahili kusimuliwa na mtu aliyenuna.

Picha hazikutayarishi. Tumezoea kusema reli yetu ya zamani ni nyembamba, mita moja tu kati ya chuma na chuma, na mtu akisikia "nyembamba" anawaza kitreni cha watoto cha kuzunguka bustani. Halafu unasimama chini ya tani 252. Boila lake lina kipenyo kinachozidi mara mbili ya upana wa njia ambayo limesimama juu yake. Magurudumu 28, na 16 kati yake ndiyo yanayosukuma. Waingereza walioziunda injini hizi za daraja la 59, pale kiwandani kwa Beyer, Peacock mjini Manchester, hawakuwahi kuendesha injini ya mvuke nzito kiasi hiki kwenye reli zao wenyewe, ambazo ni pana kuliko hii yetu. Ziliundwa 34, mwaka 1955 na 1956, na kila moja ikapewa jina la mlima. Kwenye reli ya mita, popote duniani, hakuna injini ya mvuke iliyozipita kwa ukubwa wala kwa nguvu. Zimebaki mbili, hii na 5930 Mount Shengena, na ukitazama vizuri milima yote miwili iko Tanzania: Gelai jirani ya Ziwa Natron, Shengena huko Upare. Zilikuwa mali ya Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ilipovunjika 1977 hakuna aliyeuliza mlima ni wa nani.

Tukapanda ngazi mpaka chumba cha dereva. Wenzo wa kufungulia mvuke uko palepale, mrefu, umelainika kwa viganja vya watu ambao wengi wao sasa ni marehemu. Mpwa wangu akaushika kwa mikono miwili. Akanyamaza, na yeye si mtoto wa kunyamaza. Nyuma yetu lile kundi likabanana, watu kama kumi na wawili hivi, na yule kijana katikati na filimbi yake. Akapaza sauti:

"Na hapa ndipo mtia moto alipokuwa akitupa makaa ya mawe kwa koleo usiku kucha, jasho likimtiririka!"

Simu zikainuliwa. Mama mmoja akasema, "Maskini."

Nikahesabu mpaka tano. Mpwa wangu alikuwa ameinama anatazama uso wa tanuri. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, hayo makaa yangepita wapi?" Mtoto wa miaka tisa! Ameangalia kwa sekunde kumi, ameona hapana mlango wa kupitisha koleo.

Basi nikasema, na mashahidi ninao kwamba nilisema kwa adabu: "Samahani kijana wangu, hizi za daraja la 59 zilikuwa za mafuta. Huku kwetu hazikula makaa."

Angeweza kusema asante. Angeweza kusema nitauliza. Hata angenyamaza tu, tungeshuka salama. Alinitazama kutoka kofia mpaka viatu, akawageukia wenzake na tabasamu, akasema:

"Mzee wangu, injini ni injini tu. Makaa, mafuta, si moto ni ule ule?"

Wakacheka. Alipoona wamecheka akanogewa. "Ama ni wewe uliyekuwa ukitia moto?"

Injini ni injini tu. Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo. Nikipiga mswaki yapo. Mke wangu ameniambia niyaandike mahali niyatue, ndiyo maana unasoma haya.

Kwanza, moto si ule ule. Reli hii ilipita nchi isiyokuwa na hata mgodi mmoja wa makaa. Injini za mwanzo zilikula kuni, na makaa yaliyokuja kwa meli, na kila tani ya makaa iliyopandishwa bara ilikuwa imechukua nafasi ya mzigo wa mtu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo wakahamia mafuta mazito. Na mtia moto wa mafuta, fayamani, hatokwi na jasho la koleo. Kazi yake ni jicho. Anashika kivalvu cha mafuta na kingine cha mvuke wa kuyapuliza, anatazama rangi ya moshi juu ya bomba: ukiwa mweusi anapoteza mafuta, ukitoweka kabisa anapoteza moto. Dereva akibadilisha mwendo yeye naye abadilishe, papo hapo, usiku, kwenye kona, Tsavo nzima hakuna taa. Kama kuna kitu alitupa kwa mkono basi ni mchanga, upawa mmoja mmoja, uvutwe kupita kwenye mabomba ya boila ukwangue masizi. Hapo ndipo moshi mweusi tii ungetoka, ule wa kwenye tangazo lao. Kumbe picha yenyewe waliyoitumia kuuza safari hawajui inaonyesha nini!

Pili, na hili ndilo liliniuma zaidi, hii hata si injini moja. Ni mbili. Herbert Garratt, Mwingereza aliyebuni mpango huu, alichukua boila akalining'iniza kati ya injini mbili, kama machela inayobebwa na watu wawili. Wa mbele ana tangi lake, wa nyuma ana lake, mgonjwa yuko katikati. Njia ikipinda, kila mbebaji anageuka kwa miguu yake, machela haivunjiki. Na kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, unaweza kulinenepesha utakavyo, na uzito wote ukagawanyika juu ya magurudumu mengi, reli nyepesi ikauvumilia. Ndiyo sababu mpango huu ulifaa sana reli nyembamba zenye kona na milima. Garratt za kwanza kabisa zilitengenezwa 1909 kwa ajili ya Tasmania, kwenye njia ya milimita 610, vitu vidogo ungedhani vya kuchezea. Moja ya hizo, K1, ilikuja kupelekwa Wales ikavuta watu tena. Wapenzi wa reli wa huko wanazo na Garratt nyingine zilizorudi kutoka Afrika Kusini, wanazisugua na kuzisifu mpaka unaona haya. Sina ubaya nazo. Nimezitazama kwenye video usiku mwingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mke wangu. Ila ziweke kando ya 5918 uone. Ni mbuzi kando ya nyati.

Tatu, sauti. Hii sijui hata kama nina haki ya kuisema, kwa kuwa nilikuwa mdogo, na huenda ninachokumbuka ni alichonisimulia baba. Injini mbili za Garratt hazikufungwa pamoja, kwa hiyo hazipigi sawa. Zinaanza zikiwa pamoja, mpigo mmoja mzito, halafu polepole zinaachana, moja inaiwahi nyingine, mpaka inakuwa kama chapuo na vumi kwenye ngoma, kisha zinatafutana tena na kurudi kuwa moja. Zikitoka Mombasa na tani 1,200 nyuma yake, mlima wa kutoka usawa wa bahari, sisi watoto wa landhi tulikuwa tunalala tukisubiri zikutane. Madereva wengine, hasa Kalasinga, walizing'arisha shaba za chumba chao mpaka ungeweza kunyolea ndevu humo. Injini ilikuwa na mwenyewe. Ukiigusa bila ruhusa unaulizwa.

Ndiyo hiyo anayoiita "injini tu".

Kutoka hapo hata angesema jua linachomoza mashariki ningebisha. Akatupeleka kwenye behewa la Ryall. Hili ni behewa dogo la ukaguzi, na ni kitu cha thamani kuliko linavyoonekana: mwaka 1900, pale stesheni ya Kima, simba mla watu aliingia humo usiku akamtoa afisa wa polisi Charles Ryall kupitia dirishani. (Ndiyo, Kima. Anayejua Kiswahili cha buchani anaujua mzaha huo, na watu wa reli wamekuwa wakiutania tangu zamani.) Kijana wetu akasimulia kwamba hapa ndipo simba wa Tsavo walipomla Patterson. Jamani. Patterson ndiye aliyewaua hao simba wa Tsavo, mwaka 1898, miaka miwili kabla na kilomita nyingi kutoka Kima, na wamejazwa wamewekwa makumbusho ya Chicago mpaka leo. Yaani amemuua mwindaji, amewafufua simba, na amehamisha stesheni, yote kwa pumzi moja.

Sikumsahihisha. Nilikuwa nimesusa. Nilirudi kwa Gelai na mpwa wangu tukahesabu magurudumu, maana hakuamini 28. Nikamwonyesha mahali boila linapokalia egemeo lake, pale mbebaji anapogeukia. Akalala kifudifudi kwenye nyasi atazame chini. Nikasikia filimbi, nikadhani anachezea. Tulipotoka kwenda kunywa maji, matatu haipo.

Walituacha.

Nilipiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena. Ikapokelewa kelele za foleni, sauti ikasema walipiga filimbi mara mbili, na kwamba ratiba ni ratiba. Ratiba! Watu waliochukua dakika 40 kwenda mwendo wa kutembea. Chakula cha mchana nilicholipia kilikuwa kimo ndani ya lile gari.

Hapa ndipo ninapochanganyikiwa, na naomba msomaji anivumilie. Saa mbili zilizofuata zilikuwa saa bora kabisa nilizopata mwaka huo. Hakuna filimbi. Hakuna wa kuniambia kitu ni kitu tu. Tulipanda tena kwa Gelai, mpwa wangu akawa dereva, mimi nikawa fayamani, nikishika kivalvu kisichofunguka na kutazama bomba lisilotoa moshi. Alinikemea mara mbili kwamba moto umepungua. Tulimtembelea Nyaturu, injini namba 3020, mwembamba na mrefu, ambaye binafsi naona ni mzuri kuliko Gelai, ingawa hilo likisikika kwa wenzangu wa reli nitafukuzwa kwenye kundi. Tukanywa chai ya thamosi kwenye kivuli cha behewa. Nikamsimulia gari la usiku la Mombasa: mhudumu anapita kwenye ujia anagonga vile vyuma vyake vya muziki kuita watu chakulani, sinki ya kukunja ukutani, ukirudi kutoka kula unakuta kitanda kimetandikwa shuka nyeupe. Mpwa wangu akauliza kwa nini hawagongi vyuma kwenye treni mpya. Nikasema kwa sababu mpya inafika kabla hujasikia njaa. Sikufurahi na jibu langu lakini ndilo nililokuwa nalo.

Kwa hiyo nifanyeje? Wasingetuacha, nisingepata saa hizo mbili. Nilikuwa karibu kuandika nyota tatu, wallahi. Hata yule kijana nilianza kumwonea huruma. Labda alipewa karatasi usiku wa kuamkia Jumamosi, labda analipwa kidogo, labda na yeye aliwahi kuwa mtoto mwenye maswali na mtu akamwambia kitu ni kitu tu. Nikasema moyoni, mzee, umekuwa mkali mno.

Halafu nikakumbuka chakula. Na "ama ni wewe uliyekuwa ukitia moto". Na kile kicheko.

Basi hukumu ni hii. Makumbusho nendeni, nendeni wenyewe, kwa miguu, na mtoto, na thamosi. Kwa Gelai natoa nyota zote zilizopo, lakini hizo si za hao waandaaji na wasizihesabu kwenye zao. Wao nilisema moja, ya matatu. Nikifikiria vizuri, matatu yenyewe ndiyo iliyotuacha. Naiondoa.

Niliwaandikia WhatsApp kudai angalau nusu ya pesa. Baada ya siku kadhaa likaja jibu la upole, nadhani ni yule yule kijana, nimemjua kwa "mzee wangu". Aliomba radhi. Pesa hazirudi kwa mujibu wa masharti, lakini wananipa punguzo la safari ijayo, na safari hiyo itakuwa ya kipekee kwa sababu wanapanga injini iwashwe moto kabisa.

Nikamjibu swali moja: kwa makaa au kwa mafuta?

Tiki mbili za buluu. Hajajibu mpaka leo.